Kigari cha Mtoto Hupimwa kwa Njia



Wasomaji wetu wapenzi, tunapoketi barazani baada ya sala ya alasiri huletewa maswali ya kila namna: ya mirathi, ya ndoa, ya zaka, na ya majirani waliokosana kwa mpaka wa ua. Miezi hii ya karibuni limezuka swali jingine, jepesi kwa sura yake lakini zito kwa mwenye mtoto mchanga mikononi: je, mzazi anunue kigari cha kusukumia mtoto, na akinunua, anunue cha namna gani? Waulizao wengi wamevutiwa na vile vya magurudumu matatu, mawili nyuma na moja mbele, ambavyo siku hizi huonekana vichochoroni mwetu hapa Mji wa Kale wa Mombasa kama tuktuk ndogo isiyo na injini. Leo, kwa idhini yenu, twalijibu swali hili kwa urefu, kwa kuwa nyumba yetu nayo ilipaswa kulijibu.

Alhamdulillahi, binti yetu alijifungua mtoto wa kike mwanzoni mwa mwaka huu, na alijifungua kwa upasuaji. Alikaa arubaini yake kwetu kama ada ilivyo, akinyweshwa uji wa pilipili manga na kupokewa mtoto usiku ili apate usingizi. Arubaini ilipokwisha, ilimpasa kutoka. Mtoto alikuwa na miadi ya chanjo, ile ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na wazee wa upande wa mumewe, ng'ambo ya Likoni, walikuwa na hamu ya kumwona mjukuu wao kila Jumapili. Jeraha lilikuwa limefunga kwa nje, lakini kila alipojifunga mbeleko na kutembea kwa robo saa maumivu yalimrudia, akawa huketi juu ya baraza za watu njiani akingoja yapoe. Daktari wake alimwambia asimbebe mtoto kwa masafa marefu mpaka mwili upate nguvu. Hapo kigari kikawa ni haja ya nyumba.

Tulikutana kushauriana, na zikatoka rai tatu.

Mama yetu mzazi, ambaye umri wake umepita miaka 80 na ambaye amelea watoto, wajukuu na vitukuu, hakulipenda shauri hilo hata kidogo. "Mwanangu," alituambia, "mtoto hulelewa kwa mgongo, halelewi kwa magurudumu. Ukimweka mbali na kifua cha mamake, atalijua joto la nani?"

Mkwe wetu, kijana mwenye bidii anayefanya kazi ya mkataba bandarini, alikuwa amekwisha chagua. Alituonyesha picha katika simu yake: kigari kipya cha magurudumu matatu, cheusi, chenye kung'aa, bei yake Sh46,000. Fedha hizo hakuwa nazo, ila alikuwa tayari kukopa kwa simu. "Baba," alisema kwa adabu, "huyu ndiye mtoto wangu wa kwanza. Sipendi aonekane amepungukiwa."

Binti yetu alinyamaza kwa muda mrefu. Tulipomtaka naye aseme, alisema neno moja tu: "Baba, miye nataka kufika kliniki na mwanangu bila ya kungoja mtu wa kunibebea."

Neno hilo ndilo tulilolifanya mizani. Mama aliyetoka arubaini kisha akabaki ndani kwa miezi mingine kwa sababu hawezi kubeba mtoto ni mama aliyefungwa, hata kama hakuna aliyefunga mlango. Wengi wetu tumewaona wake na mabinti wanaokosa miadi ya chanjo kwa sababu mume yuko kazini, ndugu yuko skuli, na mgongo hauwezi. Kwa hiyo tukakubaliana kwamba kigari kitakachofaa ni kile kitakachomfikisha yeye kliniki na kumrudisha nyumbani salama akiwa peke yake.

Hatukuipuuza rai ya mama yetu. Mbeleko ni chombo chenye hekima. Haiuzwi kwa maelfu, haitobolewi na msumari, haikwami mlangoni, na mama husikia pumzi za mwanawe kila hatua. Hata Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, imepokewa kwamba alisali akiwa amembeba Umama, mtoto wa binti yake Zaynab. Akisujudu humweka chini, na akisimama humwinua tena. Kubeba mtoto ni sunna ya mapenzi, wala hatungependa umma wetu uisahau. Lakini mbeleko yahitaji mgongo mzima, na mgongo wa binti yetu kwa miezi ile haukuwa mzima. Tukamwahidi mama yetu kwamba kigari kitamsaidia mtoto njiani, na nyumbani atarudi mapajani na mgongoni kama kawaida.

Kisha tukataka kujua asili ya chombo chenyewe, kwa maana chombo hukumbuka kazi kilichoundiwa. Wanahistoria wa mambo haya husema kwamba gari la kwanza la mtoto lililojulikana Uingereza liliundwa na William Kent mwaka 1733 kwa ajili ya watoto wa Duke wa Devonshire, nalo lilikuwa la kukokotwa na mnyama mdogo. Kwa miaka mingi vigari vilivyofuata vilikuwa vizito, mithili ya vitanda vyenye magurudumu. Mwaka 1965 mhandisi wa ndege, Owen Maclaren, Mwingereza aliyewahi kushughulikia miguu ya kutulia ya ndege za kivita za Spitfire, alibuni kigari chepesi cha kukunjika kama mwavuli, chenye uzani wa kilo tatu hivi. Ndipo kigari kikaweza kupanda basi. Cha magurudumu matatu kama tukijuavyo leo kilikuja baadaye: mwaka 1984, katika mji wa Yakima, jimbo la Washington huko Marekani, Phil Baechler, baba aliyependa kukimbia, alitengeneza kigari cha kukimbilia na mwanawe kwa kutumia magurudumu ya mfano wa baiskeli.

Asili hiyo yatueleza mengi. Kigari cha magurudumu matatu kiliundiwa baba mwenye nguvu, anayekimbia nje, mwenye uwanja na nafasi. Binti yetu hakimbii, wala hatumtarajii akimbie. Alichohitaji katika kigari cha yule baba ni kitu kimoja: tairi kubwa zinazovuka mashimo.

Na mashimo tunayo. Tulichukua utepe wa fundi cherehani, tukaitembea njia yake yote kutoka mlangoni hadi kliniki, tukipima. Ngazi za nyumba yao ni vidato 19, vyembamba na vyenye kona, kama zilivyo nyumba nyingi za Mji wa Kale. Mahali pembamba kuliko pote, kati ya baraza ya jirani na nguzo ya umeme, palikuwa na sentimita 78. Matofali ya kabro yamelala vizuri kwa sehemu kubwa ya njia, lakini pana sehemu nne ambapo yameng'oka na kuacha mashimo yenye kina cha kiganja. Pana mitaro miwili isiyo na vifuniko, yenye kuvukwa kwa ubao. Zaidi ya hapo ni barabara kuu, yenye ukingo mrefu wa kupanda na kushuka. Twawausia wote wanaotaka kununua kigari wafanye hivyo kabla ya kwenda sokoni. Kigari hupimwa kwa njia kitakayopita.

Sasa tuingie katika umbo lenyewe. Wazee wetu waliteleka chungu juu ya mafiga matatu, na hawakuyafanya matatu kwa bahati. Kitu chenye miguu mitatu hakiyumbi juu ya ardhi isiyo sawa, kwa sababu miguu yote mitatu hugusa chini wakati wote. Chenye minne, mguu mmoja huweza kuelea. Kigari nacho ni vivyo hivyo. Kikipita juu ya kabro iliyoinuka, cha magurudumu matatu hutulia, na kwa kuwa mbele lipo gurudumu moja tu, hugeuka kwa mkono mmoja penye kona ya kichochoro. Tairi zake kubwa hupanda ukingo pasipo kumrusha mtoto. Vile vigurudumu vidogo vya plastiki vya vigari vyepesi huzama katika shimo la kwanza, kikasimama ghafla, na mtoto akasukumwa mbele.

Lakini umbo hilo lina upungufu wake, na ni haki mnunuzi aambiwe. Mbele, kando ya gurudumu lile moja, hakuna kitu cha kuzuia kisipinduke. Kikishushwa ukingoni kwa mshazari, na mtoto akaegemea upande huo, hulala ubavu kwa wepesi kuliko cha magurudumu manne. Kwa hiyo ukingo hushukwa kwa kunyoosha, magurudumu mawili ya nyuma yakitangulia pamoja. Tena vigari hivi ni vizito. Vingi huwa kati ya kilo 9 na 13, na vikikunjwa bado huwa vikubwa. Tuktuk huvipokea kwa taabu, na buti ya gari dogo hujaa yote. Anayeishi ghorofani na kutegemea matatu kila siku, huenda kile chepesi cha mwavuli kikamfaa zaidi mtoto wake akishaweza kuketi. Na anayeishi Lamu mtaani, penye vidato, punda na vichochoro vya kupishana kwa mabega, twamwambia wazi abaki na mbeleko yake.

Vidato vile 19 vilitutia mashaka kuliko mitaro. Mama mwenye kovu la upasuaji aliyekatazwa kuinua vitu vizito hawezi kupandisha kilo 12 za chuma kila siku, na mtoto juu yake. Tukiwa twatafakari hayo, jirani wa chini, mzee mwenye duka dogo la viungo, alisikia, akasema: "Sheikh, kigari na kilale kwangu chini ya ngazi. Mtoto na apande na mamake." Mwenyezi Mungu amlipe kheri. Bila ya jirani huyo tungalinunua kigari kingine kabisa. Ndiyo maana twasema kwamba mahali pa kulala kigari pajulikane kabla ya kununuliwa kigari. Mwenye daka pana mlangoni, au ua wa chini, amekwisha pata nusu ya jibu.

Likabaki suala la fedha. Tulizungumza na mkwe wetu faragha, kwa kuwa mambo ya mfukoni wa mtu hayasemwi mbele ya wanawake wake. Tulimwambia kwamba mapenzi yake kwa mwanawe ni sadaka, lakini mtoto wa miezi miwili hajui rangi ya kigari, ila hujua baba akirudi nyumbani amekunja uso kwa sababu ya deni. Mikopo ile ya simu ina nyongeza, na hukumu ya nyongeza juu ya deni tunaijua sote. Kijana aliinamisha kichwa, kisha akauliza, "Na cha mtumba, baba, kitakuwa salama?" Hilo lilikuwa swali bora kuliko yote yaliyoulizwa siku ile, na ndilo lililotupeleka Kongowea.

Kongowea tuliona vigari vitatu vya magurudumu matatu kwa wauzaji mbalimbali. Cha kwanza kilikuwa kizuri kwa macho, lakini gurudumu lake la mbele lilikuwa la aina ya kuchomolewa kwa wenzo mdogo bila ya spana, kama gurudumu la baiskeli za mashindano. Tulipolishika na kulitikisa lilicheza. Tukakiacha. Huko Marekani, mwezi wa Februari 2018, tume ya serikali inayosimamia usalama wa bidhaa ilifungua mashtaka juu ya vigari vya magurudumu matatu karibu nusu milioni, kwa sababu gurudumu la mbele lilikuwa likichomoka kikiwa mwendoni, na watoto na wazazi wao wakaumia. Wenzo wa namna hiyo si haramu, lakini wataka kukazwa barabara na kukaguliwa kila kabla ya safari. Na mtumba unapofika kwetu, kitabu cha maelezo hakiji nao.

Cha pili kilikuwa imara, ila mkanda wake ulikuwa umekatwa. Kigari cha mtoto chataka mkanda wa pande tano: miwili ya mabegani, miwili ya kiunoni na mmoja wa katikati ya miguu. Huo wa katikati ndio unaomzuia mtoto asiteleze chini mpaka mkanda ukamfika shingoni. Mwuzaji alisema watafunga kamba. Tulimshukuru, tukaenda zetu.

Cha tatu ndicho tulichokinunua, kwa Sh9,500 baada ya mapatano marefu. Rangi yake imepauka na kitambaa cha kivuli kina kiraka. Lakini gurudumu la mbele limefungwa kwa nati, lina kifungio cha kulizuia lisizunguke; mikanda mitano yote ipo; upana wake sentimita 62; na kiti chake hulala chali kabisa. Tairi zake ni za inchi 12, sawa na za baiskeli ya mtoto mdogo, kwa hiyo fundi wa baiskeli yeyote ana tyubu yake. Fundi wetu alibadilisha tyubu mbili, akatia mafuta vitovu vya magurudumu na kukaza breki, kwa Sh1,200. Kitambaa tulikivua, kikafuliwa na kuanikwa juani siku mbili.

Kwa faida ya wasomaji, twaeleza namna tulivyokikagua, ili anayekwenda sokoni kesho ajue pa kushika. Kwanza, kifungue na kusikiliza kifungio kikilia. Kisha kisukume chini kwa nguvu za mikono miwili. Kigari chema kina vifungio viwili, ili kimoja kikifyatuka chombo kisijikunje juu ya mtoto. Pili, tia breki na ujaribu kukisukuma penye mteremko. Magurudumu ya nyuma yote mawili yakatae kuzunguka. Tatu, inua mbele na kulitikisa gurudumu kushoto na kulia. Nne, fungua na kufunga kila mkanda. Tano, tazama bawaba za kukunjia zisiwe na mwanya wa kidole. Mwaka 2009 huko huko Marekani vigari karibu milioni moja vya kukunja vilitolewa ilani kwa sababu bawaba zake zilikuwa zikikata ncha za vidole vya watoto. Basi mtoto awe mbali wakati wa kukunja na kukunjua. Sita, laza kiti kabisa uone kama kweli chalala, kwani mara nyingi muuzaji husema chalala, kumbe chainama tu.

Hili la mwisho lina uzito wa uhai. Mtoto mchanga hana nguvu ya shingo. Akiketishwa kwa kuinama, kichwa chake huangukia kifuani na njia ya pumzi hujibana, naye hana sauti ya kulalamika. Mpaka atakapoweza kukishika kichwa chake na kuketi vyema, kwa kawaida karibu na miezi 6, na alazwe chali, tambarare. Kwa sababu hiyo hiyo wataalamu wa watoto huwakataza wazazi kukimbia na kigari kabla ya umri huo, hata kama kiliundiwa kukimbiliwa.

Na hapa tuna neno kwa akina mama wa pwani hasa. Ada yetu ni kumfunika mtoto kwa leso asipigwe na jua wala asitazamwe na kila jicho. Mgongoni, leso hupitisha hewa na mama huhisi joto la mwanawe. Kigarini mambo ni mengine. Leso ikitandazwa juu ya kivuli mpaka chini, hewa husimama, na kwa jua letu la Januari na Februari ndani huwa kama tanuri kwa muda mfupi. Weka kivuli, egemea upande wa ukuta wenye kivuli, toka asubuhi au baada ya alasiri, na uache mbele wazi. Jicho la hasidi lina kinga zake, na kumkosesha mtoto hewa si miongoni mwazo.

Vilevile usitundike vikapu vya sokoni kwenye mpini. Mtoto ni mwepesi kuliko kilo tatu za viazi na nazi mbili, na siku utakapomwinua mtoto, kigari kitaanguka kinyumenyume. Au kitaanguka naye yumo. Mzigo ukae kikapuni chini, karibu na ardhi.

Kwa wanaovuka Likoni, twawaomba sana: feri ina mteremko, na maji yakipwa mteremko huwa mkali. Vigari vingi vya magurudumu matatu vina ukanda wa kufunga kifundoni mwa mkono, kwa kuwa chombo chenye tairi kubwa huenda kwa wepesi na hakingoji mtu. Kama hakina, shona. Shuka kwa utaratibu, ngoja umati utangulie, na ukifika ndani ya feri tia breki, usikiachie mpini hata hivyo. Mkwe wetu hufanya hivyo kila Jumapili, na mara ya kwanza watu wengi walimpisha, alhamdulillahi, maana watu wetu bado wana heshima kwa mtoto mchanga.

Binti yetu alikwenda kliniki peke yake wiki ya 10. Alitoka saa mbili asubuhi, akarudi saa nne na nusu, mtoto amelala na kadi ya chanjo imepigwa muhuri. Mama yetu mzazi alikuwa dirishani tangu saa tatu. Alipowaona hakusema kitu juu ya kigari. Aliteremka taratibu mpaka chini ya ngazi, akakunja mbeleko aliyokuwa ameiweka tangu zamani, akaitia kikapuni mwa kigari. "Magurudumu yakikataa," alisema, "hii haikatai." Tangu siku hiyo mbeleko haijatoka kikapuni, na mara mbili imehitajika: siku tyubu ilipotoboka, na siku njia ilipofungwa kwa matengenezo ya bomba.

Tungependa mazungumzo haya yasiishie katika nyumba moja. Kigari hutumika kwa miaka miwili au mitatu, kisha hulala stoo miaka kumi kikila kutu, hali jirani aliyejifungua kwa upasuaji juzi hana cha kumfikisha kliniki. Twapendekeza, na tumekwisha sema na baadhi ya vijana wa mtaa, kwamba kila mtaa uwe na vigari viwili au vitatu vya kuazimana, vikikaguliwa na fundi kabla ya kutoka na baada ya kurudi. Mwenye kigari cha ziada na akilete barazani kwetu. Gharama za fundi za mwanzo tutazibeba sisi.

Na wale tunaoketi barazani tuna sehemu yetu. Pikipiki zisiegeshwe pahala pa kupita. Ubao uliooza juu ya mtaro ubadilishwe na aliye karibu nao, asingoje serikali ya kaunti. Na tukimwona mama anasukuma kigari na amekwama penye ukingo, kijana mmoja na asimame ainue upande wa mbele, ainamishe macho yake, kisha arudi kuketi.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie watoto wetu, awaponye mama zao, na azifanye njia zetu ziwe nyepesi kwa wapitao wote. Amin.